Gari Lililokata Pumzi Mlimani

Katika miaka yake ya upolisi pale Gisenyi, Sajini Twagirimana alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wapika pombe haramu ya kanyanga, wavusha kahawa wa Cyanzarwe na hata padri mmoja aliyesahau alikoegesha pikipiki yake. Gari hakuwahi kulihoji. Na asubuhi ile gari ndilo lililokuwa mlangoni: kamyoneti ya kijani, mpya, rangi yake bado inanukia, imeegeshwa mbele ya kituo kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Mwenye gari, Mzee Kadiri, mfanyabiashara wa vitambaa na viazi katika mtaa wa Waislamu, alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi kabla sajini hajavua kofia.

"Sajini, kikulacho ki nguoni mwako," alianza. "Mi nimenunua motokari, na shoferi wangu ananiulia."

"Muzee Kadiri, tusalimiane kwanza. Mwaramutse."

"Mwaramutse. Ananiulia motokari."

Sajini alivuta kiti akakaa taratibu, maana alikuwa mtu wa mwili na kiti kilikuwa cha serikali. Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wakubwa wake: swali lake aliliuliza mara tatu. Mara ya kwanza, alisema, mtu anajibu alichokiandaa. Mara ya pili anajibu kwa hasira. Ya tatu ndiyo anajibu alichokiona.

"Ilitoka wapi hii motokari?"

"Bukavu. Niliijaribu mi mwenyewe, na Dauda huyu huyu ndiye alikuwa anaendesha. Tulipanda nayo milima yote ya kule, inapanda kama inateremka! Nikainunua, tukaiweka ku bato ya mizigo, tukavuka ziwa. Hapa mu mji inakimbia muzuri. Lakini nikiituma Kanama kuchukua viazi, ikifika juu ya Nyundo inakufa. Dauda anakanyaga mafuta mpaka chini, inakohoa, inakohoa, basi."

"Na fundi?"

"Fundi wa Goma ameifungua. Amesafisha kabureta, amebadilisha buji, na kwake inanguruma vizuri kabisa. Akaniambia, muzee, hii voiture haina ugonjwa. Donc, ugonjwa iko kwa mutu."

"Kwa nini mutu awe Dauda?"

"Ni nani mwingine anaishika?"

"Kwa nini Dauda?"

"Sajini, unaniona mi mwongo?" Kadiri alipandisha sauti mpaka askari aliyekuwa akifagia uwanja akasimama kusikiliza.

"Hapana, muzee. Kwa nini Dauda?"

Mzee alishusha pumzi. Sasa alisema polepole, na sajini akaegemeza kiwiko mezani ili asikie vizuri.

"Kwa sababu kila tukikwama anashuka, anazunguka, anafungua tangi. Nimemwona kwa macho yangu, siyo mara moja. Mutu anatafuta nini mu tangi kila saa? Anatia kitu. Sukari, mchanga, mi sijui. Na wamemwona kwa Bizimana, nyuma ya gala, wanaongea kwa sauti ya chini."

Hapo palikuwa na uzito. Bizimana alikuwa na lori kuukuu, na kwa miaka mingi viazi vyote vya Kanama vilishukia mgongoni mwa lori hilo. Tangu kamyoneti ya Kadiri ivuke ziwa, watu wa sokoni walikuwa wakimtania Bizimana kwamba karibu atarudi kubeba kwa kichwa. Mtu anayetaniwa hivyo anaweza kununua shoferi wa mwenzake. Sajini alikubali hilo bila kubisha, maana alikwisha kuona watu wazuri wakifanya mambo mabaya zaidi kwa ajili ya viazi vichache.

Shida ni kwamba Kadiri hakungoja polisi. Siku ya soko alisimama katikati ya watu akapiga kelele kwamba Dauda amenunuliwa, na Dauda akaletwa kasho, selo ya kituo, akiwa na umati nyuma yake. Jioni ile mkubwa wa teritware, yaani wa wilaya, angesaini karatasi ya kumfunga. Akisaini, kijana angekwenda gereza la Ruhengeri na leseni yake ingechanwa. Na pale Gisenyi, shoferi aliyechaniwa leseni kwa kuharibu gari la tajiri wake hapati gari lingine, hapati nyumba ya kupanga, hapati hata mtu wa kukaa naye benchi moja msikitini.

"Uniachie ufunguo wa gari," sajini alisema. "Na uende nyumbani ukanywe chai. Nikikuita, uje."

* * *

Dauda alikuwa amekaa sakafuni mwa kasho, miguu ameikunja, kofia yake ya ushoferi ameiweka juu ya goti ili isichafuke. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mikono mikubwa. Aliposikia kufuli alisimama wima.

"Ulitia nini mu tangi?"

"Sikutia kitu, sajini."

"Ulitia nini?"

"Wallahi, sikutia kitu!"

"Ulikuwa unafungua kwa nini, basi?"

"Napima esansi. Mshale wa kuonyesha mafuta hauaminiki, unasema iko wakati hakuna. Natumia fimbo. Motokari ikizima, kitu cha kwanza shoferi anaangalia ni esansi. Mutu yeyote angefanya hivyo."

Sajini aliijua hoja nzuri alipoisikia. Alimwomba aeleze ugonjwa wenyewe, na kijana akaeleza kwa mikono, akikanyaga sakafu ya kasho kana kwamba pedali iko pale. Barabara tambarare, hakuna neno. Mwinuko ukianza, gari linavuta, linavuta, halafu nguvu inapungua kidogo kidogo kama mtu anayebanwa koo. Ukikanyaga zaidi ndipo linazidi kufifia. Linazima. Likipumzika linaamka, linakwenda tena, kisha linarudia yale yale.

"Na tangi likijaa?"

Dauda alifikiri. "Likijaa ndiyo inakufa haraka zaidi. Ndiyo maana mi nilisema labda esansi ni chafu."

"Esansi si chafu. Nimeitoa asubuhi hii nikaiweka mu glasi mpaka imetulia. Haina maji, haina mchanga. Niliionja kwa ulimi pia, haina sukari, na mpaka sasa chai inanuka petroli." Sajini alikunja uso kwa kumbukumbu hiyo. "Sasa uniambie, uliongea nini na Bizimana?"

Kijana alianza kupangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi.

"Dauda. Uliongea nini na Bizimana?"

"Hilo siwezi kusema."

"Unajua jioni kuna karatasi inasainiwa?"

"Najua."

"Uliongea nini na Bizimana?"

Mara ya tatu ikapita bure, jambo ambalo halikuwa limemtokea sajini kwa muda mrefu. Kijana aliishika kofia yake kwa mikono miwili akatazama ukuta. Hakuonekana kuogopa, alionekana kuona haya, na hilo lilimuudhi sajini kuliko uongo, kwa sababu uongo una njia ya kuingilia. Alifunga kufuli akatoka.

Nje ya mlango alikuta sahani imefunikwa kitambaa cheupe, na nyuma ya sahani msichana aliyejitanda mtandio wa rangi ya zambarau. Alimtambua: Saidati, binti wa Mzee Kadiri.

"Shikamoo, sajini. Nimeleta chakula cha mufungwa."

"Marahaba. Baba yako anamshitaki, we unamlisha?"

"Mufungwa ni mutu," Saidati alisema. Kisha, kabla hajaulizwa, akaongeza, "Na hakutia kitu mu tangi. Mi nilikuwa mu gari siku ile ya kwanza. Mi na baba tulikuwa tunakwenda Kanama kumwona shangazi."

Sajini aliweka sahani juu ya dirisha. "Uliona nini?"

"Tulikwama pale juu ya Nyundo. Dauda akajaribu kuwasha, ikakataa. Tukakaa muda, akajaribu, ikaenda kidogo tu, kutoka hapa mpaka pale kwenye mvinje, ikafa tena. Akashuka kufungua kifuniko cha tangi. Gari likavuta pumzi."

"Likavuta pumzi namna gani?"

"Pssss. Kama mutu aliyetoka kuzama ku mayi ya ziwa. Mi nilisikia kwa dirisha. Halafu akarudi akawasha, ikapanda muzuri mpaka karibu na soko."

"Kwanza alifungua, au kwanza iliamka?"

"Alifungua kwanza."

"Saidati, kwanza nini?"

"Alifungua kwanza, sajini! Na mara ya pili pia. Mi nilisema moyoni, hii gari inataka kufunguliwa kifuniko kama chungu cha ugali."

Sajini Twagirimana, ambaye hakujua kuendesha hata baiskeli, alisimama pale mlangoni na kusahau kwamba amesimama juani. Mzee Kadiri na binti yake walikuwa wameona jambo moja. Mzee aliona mkono wa Dauda ukienda kwenye tangi, akajua ni mkono wa mharibifu. Binti aliona kilichofuata baada ya mkono ule. Mtu akimtilia mwenzake sumu, mgonjwa haamki palepale akapanda mlima.

"Chapati hizi ni nyingi kwa mufungwa mumoja," alisema, akiinua kitambaa. Akachukua moja kama ushuru wa serikali.

* * *

Sajini alimkuta Bizimana amelala chini ya lori lake, miguu tu inaonekana. Alijitoa taratibu, mzee wa mvi na mafuta, akajifuta mikono kwa suruali.

"Umekuja kwa sababu ya Dauda," alisema.

"Umejuaje?"

"Mji muzima unajua. Wanasema nimemununua. Yewe! Nimununue na nini? Hii lori yangu inakunywa kila kitu, haibakizi hata faranga ya chumvi."

"Mliongea nini nyuma ya gala?"

Bizimana alitazama kulia na kushoto, kisha akamvuta sajini mpaka upande wa pili wa lori, ambako palikuwa na kuku tu.

"Baba yake Dauda na mi tulikula chungu kimoja. Alikuwa turniboi wangu, musaidizi wa lori, mbele vita haijaanza, akafa kijana angali mudogo. Hana muzee mwingine. Alikuja kuniomba niende kwa Kadiri, mi pamoja na shehe wa mtaa, tumuposee Saidati. Tulipanga Ijumaa hii. Sasa mutu wa kuposa anaweza kutangaza mbele hodi haijapigwa? Ni aibu kwa msichana. Angekataliwa, mji wote ungejua. Ndiyo maana kijana amefunga mudomo."

"Hata kama inampeleka Ruhengeri?"

"Hata hivyo. Ni mujinga, lakini ni mujinga muzuri."

Sajini aliangua kicheko, cha kwanza siku ile. Huyo ndiye mshukiwa wake mkubwa wa pili, na hila yake yote ilikuwa kilemba na posa. Akaomba ruhusa ya kulitumia jambo hilo kama italazimu. Bizimana akakubali kwa sharti moja: lisitoke mdomoni kwa polisi kama kuna njia nyingine.

"Nitatafuta njia nyingine," sajini alisema, na alimaanisha.

* * *

Jua lilipoanza kuegemea upande wa Goma, kamyoneti ilitoka mjini na watu watatu mbele. Dauda aliendesha. Sajini alikaa katikati, amebanwa. Mzee Kadiri alikaa mlangoni, amegeuza uso nje ili asimwone shoferi wake. Tangi lilikuwa limejazwa mpaka juu kwa amri ya sajini, na amri ya pili ilikuwa kwamba hakuna mkono utakaogusa kifuniko mpaka yeye aseme.

Walipita mashamba ya migomba, wakapita daraja la Sebeya, wakaanza kupanda. Gari lilivuta vizuri. Kanisa la Nyundo likaonekana, likabaki nyuma. Kadiri alianza kuonyesha dalili za kutamani gari life, kwa kuwa mtu aliyeshitaki hapendi mshitakiwa apone mbele ya polisi.

Hakungoja sana. Kwenye kona ya juu sauti ya injini ikapungua. Dauda akakanyaga mafuta mpaka chini, na kadiri alivyokanyaga ndivyo gari lilivyozidi kulegea. Likakohoa. Likazima.

"Umeona!" Kadiri alisema.

"Naona. Dauda, kaa hapo, weka mikono ku usukani niione." Sajini alikunja mikono yake tumboni. "Sasa tunangoja."

Wakangoja. Mwanamke mmoja aliyebeba maharage alipita, akawaangalia, akacheka, akaendelea. Sajini aliposema, Dauda akawasha. Gari likaamka, likaenda hatua chache, likafa tena kama Saidati alivyosema.

"Bon. Kupumzika haisaidii. Muzee Kadiri, we mwenyewe shuka, ukafungue kifuniko cha tangi."

"Mi?"

"We. Mikono yako, siyo ya mutu mwingine."

Mzee alishuka akinung'unika, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Sajini akamfuata. Kadiri akashika kifuniko, kikamgomea, akakaza meno, akakizungusha. Pssss! Tangi lilivuta hewa kwa nguvu hata mzee akaruka nyuma na kutaja jina la Mungu.

"Dauda, washa!"

Injini iliunguruma mara moja. Gari likapanda kona yote na kuwaacha wazee wawili barabarani, likasimama juu kabisa, linatetemeka kwa afya.

"Muzee Kadiri," sajini aliita kwa upole. "Umefungua tangi, na gari imepona. Umetia nini?"

"Sikutia kitu!"

"Umetia nini?"

"Sajini, umeniona! Mikono yangu mitupu!"

"Umetia nini, muzee?"

Kadiri alitazama kifuniko alichokuwa bado amekishika, akatazama gari kule juu. Aliona aibu, na sajini alimwachia nafasi ya kuiona yote. Ndiyo maneno yale yale ya Dauda, ambayo mzee hakutaka kuyasikia.

"Nionyeshe hicho kifuniko," sajini alisema mwishowe.

Kilikuwa kifuniko cheusi cha chuma, cha kawaida. Kwa jicho la haraka hakikuwa na neno. Sajini alikipangusa vumbi kwa kitambaa cha Saidati, ambacho kwa namna fulani kilikuwa kimebaki mfukoni mwake. Katikati palikuwa na kivimbe cheusi juu ya cheusi, kidogo kuliko punje ya ulezi. Alikikwangua kwa ncha ya kisu. Kikatoka kizima, laini, na chini yake pakabaki kitundu ambacho sindano ingepita kwa shida.

Dauda alikuwa ameteremka mbio. Aliona kile kitundu akajipiga paji la uso.

"Yampayinka! Hiyo tundu ni ya kuingiza hewa! Esansi ikitoka, hewa lazima iingie badala yake. Ikizibwa, tangi inajinyonga, na ikijaa ndiyo haraka zaidi, maana hewa ya ndani ni kidogo. Mi nilikuwa nachungulia ndani tu kila siku, kifuniko mu mukono, na kifuniko sikuitazama."

"Ndiyo sababu ku fundi inapona," sajini alisema. "Kitu cha kwanza fundi anafungua tangi anuse esansi. Na mu mji mnasimama kila mahali, injini haifanyi kazi ya kutosha kumaliza pumzi." Alikisogeza kile kibonge cheusi puani. Lami na nta. Na chini ya lami, harufu nyingine aliyoijua kila mtu wa Gisenyi: samaki. "Bukavu ilipanda milima. Hapa haipandi. Katikati ya Bukavu na hapa iko nini, muzee?"

"Iko ziwa tu," Kadiri alijibu. Sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

"Bon. Twende tukaulize ziwa."

* * *

Tishali la mizigo, lile bato lililovusha gari, lilikuwa limefungwa gatini, na pembeni yake, juu ya mchanga, mzee Eliezer, mmoja wa mabaharia wake, alikuwa amechuchumaa kando ya mtumbwi uliopinduliwa. Mbele yake moto mdogo, juu ya moto kopo la dagaa, ndani ya kopo kitu cheusi kinachotokota. Alichovya kijiti, akapaka ufa wa mtumbwi, akaulainisha kwa kidole gumba. Alikuwa ametumikia ziwa tangu ujana wake na alikuwa na sura ya mtu asiyekubali maji yaingie mahali yasipoalikwa.

Sajini alimnyoshea kile kibonge.

"Hii ni ya nani?"

Eliezer alikitazama, akakibonyeza, akanusa, na uso wake ukakunjuka kwa furaha.

"Ni yangu! Mumeitoa wapi? Ah, motokari ya muzee Kadiri!" Akasimama, akampa Kadiri mkono wenye lami. "Muzee, ilifika muzuri? Siku ile ziwa ilikuwa na hasira, wimbi inaruka mpaka juu ya motokari. Batu bote walikuwa wanatapika, Dauda huyu alikuwa amekufa kabisa pale ku kamba. Mi nikazunguka motokari, nikaona tundu ku kifuniko. Nikasema, aka! Hii mayi itaingia mu esansi ya muzee, na motokari ni mupya. Nikaziba. Hata asante sikupataka."

Kadiri alimtazama Eliezer, kisha sajini, kisha mkono wake uliopakwa lami.

"Tundu ni tundu," Eliezer aliendelea, akidhani hawajaelewa. "Bato kubwa inakufaka na tundu kidogo. Mutu wa ziwa akiona tundu, hawezi kulala. Iliingia mayi?"

"Hapana, muzee Eliezer," sajini alisema. "Haikuingia mayi. Haikuingia kitu kabisa, hata hewa. Uliziba vizuri kuliko inavyotakiwa."

Dauda ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika magoti, kicheko cha mtu aliyelala sakafuni kwa ajili ya nta, na Eliezer akacheka naye bila kujua sababu. Alipoelezwa sababu alishika kichwa, akaomba radhi kwa Dauda, kwa Kadiri, kwa sajini, na mwisho akaenda kuliomba radhi gari lenyewe, akiligonga gonga ubavuni kwa kiganja. Sajini hakutoa pingu. Kama kuna sheria inayomfunga mtu kwa wema uliozidi kipimo, hakuwa ameisoma.

"Ahsante, Eliezer," Kadiri alisema kwa shida. "Ulinitakia heri. Ni mi niliyemtakia mutu shari."

* * *

Karatasi haikusainiwa. Lakini sajini hakuridhika na karatasi, kwa kuwa maneno ya Kadiri hayakusemewa ofisini. Yalisemewa sokoni, na yalikuwa bado yanatembea huko. Kwa hiyo kamyoneti ilipita sokoni kwanza. Wauza samaki walikuwa wanakusanya mikeka yao, mafundi cherehani wanafunika mashine. Kadiri alipanda nyuma ya gari kwa msaada wa wanaume, akasimama pale kila mtu alipoweza kumwona.

"Batu ya Gisenyi!" alisema. "Nilisimama hapa nikasema Dauda amenunuliwa. Nilimsingizia. Hakununuliwa na mutu. Alikuwa anaponya gari yangu kila siku kwa mikono yake, na mi nikamwita muharibifu. Aliyesikia neno la kwanza, alibebe na hili la pili mpaka kule alikolipeleka lile."

Mwanamke mmoja wa samaki akapiga vigelegele, na wengine wakadakia. Nyuma kabisa, karibu na duka la vitambaa, mtandio wa zambarau ulitoweka haraka ndani ya mlango.

Bado kulikuwa na mwanga wa kutosha kuleta viazi kutoka Kanama. Sajini, ambaye nyumbani kwao ni Kanama, aliomba lifti na hakujifanya kwamba ni kazi ya serikali. Wakabanana tena mbele, wale wale watatu. Nyundo ikaja. Kona ikaja. Dauda alikuwa akipanda taratibu, kwa heshima, kama anayempitisha mgonjwa aliyetoka hospitali jana.

"Sajini," Kadiri alisema, macho yako mbele. "Umenijibu yote, umebakiza moja. Yule Bizimana alikuwa anataka nini kwa kijana huyu?"

Usukani ulitikisika kidogo.

"Hilo si la polisi, muzee."

"Bizimana alikuwa anataka nini?"

"Hilo si la polisi."

"Sajini Twagirimana, alikuwa anataka nini?"

Sajini alitabasamu. Alikuwa hajawahi kuulizwa mara tatu.

"Ijumaa, baada ya sala, kuna wazee watapiga hodi kwako. Bizimana atakuwepo, na shehe. Umwambie mama Saidati achemshe chai nyingi."

Gari lilipanda. Migomba ilipita, na nyumba, na watoto wanaopunga mikono, na Dauda alikodolea macho barabara kana kwamba hajawahi kuiona barabara. Kona ya juu, ile ile, ilikuwa mbele yao. Mzee alikohoa, akairekebisha kofia yake, akatazama mikono mikubwa ya kijana iliyoshika usukani kwa nguvu mno.

"Dauda."

"Naam, muzee."

"Mbona unakwenda polepole hivi? Kanyaga mafuta, mwanangu. Ijumaa iko karibu, na mi bado sijanunua sukari."

Dauda akakanyaga mpaka chini, na gari likapanda.